Miezi Mitatu ya Mwisho: Jawabu kwa Ndugu Yetu Aliyeko Iguhu

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mji huu, ambaye ualimu umempeleka Iguhu katika Kakamega, ametuandikia barua ndefu. Mke wake, naye ni binti wa pwani, ana mimba yake ya kwanza, na hesabu yake imeingia mwezi wa saba. Ametuuliza: ni mambo gani ya kutazamia katika miezi hii mitatu iliyobaki, lipi la kawaida na lipi la kuogopewa? Ramadhani ikimkuta katika hali hii, afunge au asifunge? Yajuzu atazamwe na daktari mwanamume? Na je, ni sawa asafirishwe kuja pwani kuzaa kwa mamaake, kama ilivyo ada yetu kwa uzazi wa kwanza, hali mamaake amekwisha kutuma hirizi na habari kwamba anangojwa?

Barua hiyo tuliisoma katika darasa letu, tukamwita bibi mmoja aliyefanya kazi ya ukunga wa hospitali kwa miaka mingi, atusaidie katika yale tusiyo na ujuzi nayo. Jawabu tumeona tuitoe hapa wala si kwa barua ya siri, kwa sababu waja wazito wamo katika kila mtaa wetu. Na tena Iguhu na pwani, ingawa ziko mbali kwa safari, kwa maradhi ni majirani, kama tutakavyoeleza mbele.

Lakini kabla ya kujibu aliyoyauliza, twataka tuanze na jambo ambalo hakuliuliza. Amelitaja kwa kupita tu, mwisho wa barua, kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Anasema kuwa usiku mmoja yeye alikuwa safarini, na mkewe akashikwa na kichwa kikali na uso ukamvimba. Jirani yake, mama wa Kiidakho, akamwambia waende hospitali, na hospitali ya serikali iko papo hapo Iguhu. Yule binti akakataa. Akasema mume wake hayupo naye hana ruhusa ya kutoka usiku, na simu ya mume ilikuwa imezimika. Akakaa na kichwa chake mpaka kesho yake alasiri mume aliporudi. Alhamdulillahi, alipopimwa presha ilikuwa ya kawaida, na ndugu yetu akamsifu mkewe kwa adabu yake.

Sisi twamsifu kwa adabu, lakini ndugu yetu hatuwezi kumsifu. Kichwa kikali na uso kuvimba katika mwezi wa saba ni dalili mbili ambazo, zikiwa ni zile zinazoogopewa, hazingojei alasiri ya kesho. Na hiyo ruhusa aliyoingoja hakuihitaji. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema wazi kuwa mke hutoka nyumbani bila ya ruhusa ya mume pakiwa na dharura, kama nyumba kutaka kuanguka au maradhi yanayohitaji tiba. Lakini kwa kuwa mke mdogo aliye ugenini hawezi kupambanua usiku wa manane ipi ni dharura na ipi si dharura, ni wajibu wa mume kutoa ruhusa hiyo mapema, kwa ulimi wake, mbele ya jirani, na aseme hivi: ukiona jambo lolote linalokutia hofu, toka, nenda, wala usiningoje. Tena amwachie nauli mkononi. Ruhusa bila ya nauli ni maneno matupu.

Watu waliochunguza vifo vya wazazi wamesema tangu mwaka 1994 kwamba mama hafi kwa maradhi peke yake, bali hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: huchelewa kuamua kwenda, tena huchelewa njiani, tena huchelewa kutibiwa akisha fika. La pili na la tatu mara nyingi ni mambo ya serikali na barabara. La kwanza ni letu wenyewe, liko ndani ya nyumba zetu, na hatuna wa kumlaumu. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 355 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Si idadi ya kusomwa na kupitwa.

Baada ya hayo twaja kwenye maswali yake.

Kwanza ni hesabu yenyewe, kwani wengi huikosea. Hospitali huhesabu wiki 40, yaani siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Bibi zetu walihesabu miezi tisa ya mwandamo, na watu wa siku hizi huwacheka. Haifai kuwacheka. Miezi tisa ya mwandamo ni siku 266 hivi, na hiyo ndiyo hesabu ya mimba tangu kutunga mpaka kuzaliwa. Zile siku 14 zilizozidi katika hesabu ya hospitali ni za tangu hedhi mpaka mimba kutunga. Hesabu mbili hizi ni moja. Muhula wa tatu basi huanzia wiki ya 28. Wala tarehe inayoandikwa katika kitabu cha kliniki si miadi. Ni wachache sana wanaojifungua siku ile ile. Mtoto anayezaliwa baina ya wiki ya 37 na ya 42 amekuja kwa wakati wake.

Katika wiki ya 28 mtoto huwa na uzito wa kilo moja hivi, na akifika wakati wa kuzaliwa huwa kilo tatu au zaidi. Huo mzigo wa kuongezeka mara tatu kwa miezi mitatu ndio sababu ya mengi anayoyalalamikia mama: mgongo kuuma, kiungulia, pumzi kuwa fupi apandapo kilima (na Iguhu ni nchi ya vilima), miguu kuvimba jioni na kushuka asubuhi, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na usingizi kukatika. Maziwa ya mwanzo, manjano na mazito, huweza kutoka kidogo. Yasikamuliwe wala yasidhaniwe kuwa ni uchafu, kwani ndiyo chakula cha kwanza cha mtoto. Tumbo hukaza kisha likalegea, bila mpango, na mama akitembea au akilala hutulia. Hayo ni mazoezi ya mfuko wa uzazi, bado si uchungu. Katika wiki za mwisho, na hasa kwa mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto hushuka katika nyonga, tumbo likaonekana limeteremka, pumzi ikarudi lakini kutembea kukawa kuzito. Alale kwa ubavu, asilale chali, maana mzigo ule hukandamiza mishipa mikubwa ya damu nyuma ya tumbo. Asiyeweza kusimama katika sala na asali ameketi, wala asione haya kwa hilo.

Bibi mkunga alitutaka tulitie mkazo jambo moja ambalo wazee wetu wengi hulisema kinyume. Husema kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, hachezi, kwa kuwa amebanwa au anapumzika. Neno hili limewaponza wengi. Mtoto akibanwa, namna ya kucheza hubadilika, atajinyoosha na kujigeuza badala ya kupiga mateke makubwa, lakini hapunguzi kucheza mpaka uchungu unapoanza. Kila mtoto ana desturi yake, na mama yake ndiye anayeijua kuliko daktari. Akiona desturi imevunjika, mtoto aliyezoea kucheza baada ya magharibi hakucheza, na alale kwa ubavu mahali kimya atazame. Akiona bado amepungua, aende hospitali siku ile ile, asingoje tarehe ya kliniki wala asione haya kurudi mara ya pili.

Sasa yale ya kuogopewa. La kwanza ni lile lililokaribia kutokea nyumbani kwa ndugu yetu, yaani presha ya mimba. Huja baada ya wiki ya 20, na aghalabu hujitokeza katika miezi hii ya mwisho, na mimba ya kwanza ndiyo inayoandamwa nayo zaidi. Kipimo cha juu kikifika 140 au cha chini kikifika 90, na katika mkojo ikaonekana protini, mambo yamekwisha kuwa mazito hata kama mama mwenyewe ajiona mzima. Ndiyo maana katika kliniki hupimwa presha na mkojo kila mara, si kwa kupoteza wakati. Dalili zake ni kichwa kikali kisichotulia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, na uso na mikono kuvimba kwa ghafula. Isipotibiwa huweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba: mama huanguka, hukakamaa, hutoka povu, hupoteza fahamu.

Na hapa ndipo tulipo na deni kwa wanawake wetu. Mara ngapi katika miji yetu ya pwani mama mwenye kifafa cha mimba amewekwa chini, watu wakasema kapandwa na shetani wake, akafukiziwa ubani, akaitwa fundi wa kupunga au mtu wa kuandika kombe, na saa zikapita! Hatukatai kwamba majini wako, wala hatukatai dua. Asomewe Kur-ani mgonjwa, ni baraka, lakini asomewe ndani ya gari linalompeleka hospitali. Zafarani iliyooshwa katika sahani haiteremshi presha. Dawa ya kifafa hiki yajulikana, jina lake magnesiamu salfeti, ni sindano isiyo ya gharama kubwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba, ulionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo hatari yao ya kupata kifafa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Basi Mwenyezi Mungu ameteremsha dawa, nasi twamlaza mgonjwa sebuleni tukimngoja fundi amalize kuchoma udi wake.

La pili ni damu. Damu yoyote itokayo katika mimba kubwa, iwe na maumivu au isiwe na maumivu, ni ya kukimbilia hospitali. Huenda kondo la nyuma limekaa chini likaziba mlango wa uzazi, na damu hiyo hutoka bila ya kuuma, mama akadhani ni jambo dogo. Au huenda kondo limeachana na mfuko kabla ya wakati, na hapo tumbo huuma na kuwa gumu kama ubao, na pengine damu hujificha ndani isionekane. Tumewahi kuulizwa na mume, mkewe akiwa anatoka damu katika mwezi wa nane, kama ataendelea kusali au damu hiyo yazuia sala. Tulimwambia: suala lako ni zuri, utaliuliza mkeo akiwa hospitalini. Ama ute wenye alama ya damu kidogo, kama kamasi, katika wiki za mwisho kabisa, huo ni mlango wa uzazi unaanza kulegea, si ile damu tunayoisema. Lakini asiye na yakini na aende akaulize.

Chupa ikipasuka kabla ya uchungu, maji yakatoka yakilowesha nguo, aende, hata kama haumwi. Na maji yakiwa ya kijani au yana harufu, aende kwa haraka zaidi. Homa vile vile.

Na kwa kutaja homa tumefika kwenye ule ujirani wa Iguhu na pwani. Watu wa pwani wakisikia mtu anakwenda bara kwenye vilima na baridi ya asubuhi hudhani ameziacha mbu nyuma. Iguhu iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na hata hivyo ni katika sehemu za nyanda za juu ambazo wataalamu wa malaria wamezichunguza kwa miaka mingi, kwa sababu malaria haikutoka pale. Mto Yala wapita katika bonde, na kando yake mna majimaji na mashamba yaliyolimwa mahali palipokuwa na vinamasi. Humo ndimo mbu wanamozaliana. Waliochunguza waliona kwamba wanaokaa chini bondeni hupata malaria zaidi sana kuliko wanaokaa juu ya kilima, ingawa ni kijiji kimoja na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tena miti ikikatwa jua hupiga ardhi, maji ya vidimbwi huwa na joto, na mbu hukua upesi zaidi. Ndugu yetu hakutuambia nyumba yake iko juu au chini. Ikiwa iko chini, neti isikose hata usiku mmoja, na baada ya mvua za masika achunge zaidi.

Malaria ya mja mzito ina hila ambayo malaria ya watu wengine haina. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, mama asihisi homa wala kichwa, huku damu yake yapungua na mtoto hapati chakula chake kamili, akazaliwa mdogo au kabla ya wakati. Mimba ya kwanza ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa mwili bado haujajifunza kupigana na vijidudu vya namna hii. Hata mwanamke aliyekulia pwani, akaumwa malaria tangu utotoni, kinga yake ile ya zamani haimtoshi hapa. Kwa ajili hiyo Kenya ilianza mwaka 1998 kuwapa waja wazito dawa ya kinga, ile ya Fansidar, vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya mwuguzi. Siku hizi hutolewa tangu mwezi wa nne, kila kliniki, mradi mwezi mmoja umepita baina ya dozi na dozi, mpaka kujifungua. Hutolewa katika sehemu zenye malaria nyingi, nazo ni hizi hizi: nchi za kuzunguka Ziwa pamoja na Kakamega, na pwani yetu. Nairobi haitolewi kwa kila mtu. Basi anayesafiri asiache kitabu chake cha kliniki nyumbani, ili huko aendako wajue alipewa lini. Na anayetumia dawa ya septrini kila siku kwa sababu nyingine amwambie mwuguzi, kwani dawa mbili hizi hazichanganywi.

Katika jambo la damu kupungua, twataka kusema neno juu ya udongo. Sokoni Kakamega, kama sokoni kwetu, vipande vya udongo huuzwa kwa waja wazito hadharani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliofanywa Kilifi, ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya waja wazito walioulizwa walikuwa wakila udongo, na wanaokula walikuwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini zaidi ya wasiokula. Hamu yenyewe si ya kuchekwa, huenda mwili unalia kwa kukosa damu. Lakini udongo si jawabu lake. Jawabu ni vidonge vya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki, kila siku, hata kama choo hugeuka cheusi, na hiyo si dalili ya ubaya. Na chai isinywewe pamoja na chakula, ingojewe saa moja au mbili, kwani majani yake huzuia chuma kisiingie mwilini. Twajua kuwa kumwambia mtu wa pwani aakhirishe chai ni jambo zito. Kwa chakula Iguhu si mahali pa shida: kunde zipo, mrenda upo, maharagwe na dagaa wa Ziwa wapo, na kuku wa huko wana sifa. Mama mwenye damu nyingi akitokwa na damu wakati wa kuzaa hustahimili. Mwenye damu chache hata ile ya kawaida humwangusha.

Mahudhurio ya kliniki nayo yasipunguzwe. Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza mwaka 2016 mama aonane na mkunga au daktari mara nane, na mara tano katika hizo ni baada ya wiki ya 28: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Hapo ndipo hujulikana kama mtoto amegeuza kichwa chini au atatanguliza matako. Akionekana bado hajageuka katika wiki ya 36 kuna wakati wa kupanga mahali pa kuzalia. Akijulikana katika chumba cha kuzalia, wakati umekwisha. Serikali ya Kakamega ilianzisha mwaka 2013 mpango wa kuwapa mama maskini fedha kidogo kila walipohudhuria kliniki, kwa kuwa iliona kuwa kinachowazuia wengi si ujinga bali ni nauli. Ndugu yetu ana mshahara, hana udhuru huo. Ila ahakikishe kuwa yeye na mkewe wameandikishwa katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Wengi hulikumbuka jambo hili wakiwa mlangoni mwa hospitali.

Ama funga ya Ramadhani, dini imemwondolea mja mzito uzito huo, na Mtume (S.A.W.) ameitaja rukhsa yake. Akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atafungua na atalipa siku zake baadaye. Akihofia mtoto peke yake, kwa madhehebu yetu atalipa na pia atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Wako wanaofunga katika miezi hii wakapita salama, nasi hatuwakatazi mwenye nguvu na aliyeshauriana na daktari. Lakini mwenye presha, mwenye kisukari cha mimba, mwenye upungufu wa damu, au aliyeona mtoto amepungua kucheza, huyo kufungua ndiyo ibada yake. Na tumesikia wanawake wanaofunga kwa kuona haya mbele ya wakwe zao tu. Hiyo si funga ya Mwenyezi Mungu.

Na suala la daktari mwanamume ni jepesi kuliko watu walivyolifanya. Akipatikana mwanamke mjuzi, ndiye. Asipopatikana, mwanamume atatazama kwa kadiri ya haja, na mume au mwanamke mwaminifu awepo. Mwambieni mwuguzi mapema, siku ya kliniki, kwamba mngependa mkunga mwanamke. Mara nyingi huwapo, nao husikiliza. Lakini usiku wa dharura aliye zamu ndiye aliyepo, na kumrudisha mama nyumbani kwa kuwa daktari ni mwanamume ni kuiweka stara mahali ambapo sharia yenyewe haikuiweka.

Limebaki suala la safari. Kutoka Kakamega mpaka Mombasa ni mchana na usiku ndani ya gari, kilomita zipitazo 800. Kwa mimba isiyo na matatizo yaweza kufanywa, akishuka kila baada ya muda atembee ili damu isigande miguuni, akinywa maji, na kitabu cha kliniki kikiwa mkobani. Lakini iwe kabla ya wiki ya 34. Akisha pita hapo, uchungu waweza kumshika Mtito Andei saa nane za usiku. Na ikiwa presha iliwahi kupanda, au alitoka damu, au ni pacha, asisafiri bila ya neno la daktari. Kwa mke wa ndugu yetu, ambaye kichwa na uso wake vimekwisha tupa hofu mara moja, sisi twaona asisafiri.

Twajua ada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa mama wa mke ni ada nzuri, ina huruma ndani yake, nasi si watu wa kupiga vita kila ada. Kilicho kizuri ndani yake ni mama kuwa karibu na bintiye, si ukuta wa nyumba fulani. Basi mama ndiye aje Iguhu. Yeye hana mzigo tumboni; safari hiyo kwake ni uchovu wa siku mbili. Afike katika wiki ya 36, aionee hospitali kwa macho yake, ajuane na yule jirani wa Kiidakho aliyetaka kumsaidia bintiye usiku ule, na amshukuru. Aje na kanga zake za zamani, laini, zilizofuliwa, na pakiti ya tende. Bibi Maryam alipokuwa katika uchungu wake aliamrishwa kula tende. Na utafiti mdogo uliofanywa Jordan, ukatangazwa mwaka 2011, uliona kwamba waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi. Hatusemi kuwa ni dawa, na mwenye kisukari aulize kwanza, lakini chakula ni chakula.

Na ile hirizi aliyoituma, ndugu yetu asimvunjie mkwe wake heshima kwa kuirudisha na maneno. Aiweke kando. Mkwe akifika waketi pamoja, wamweleze kwa upole, na katika kikao hicho hicho wakubaliane mambo matatu yaandikwe ukutani: namba ya simu ya mwenye gari au pikipiki aliye karibu, majina ya watu wawili walio tayari kutoa damu ikihitajiwa, na mahali zilipowekwa fedha za safari ya Kakamega mjini iwapo hospitali ya Iguhu itaona ampelekwe huko.